Saa Moja ya Chumvi

Msafiri aliyeiacha barabara kuu ya Dodoma pale Dumila na kushika njia ya Kilosa hupita Msowero kabla hajafika Rudewa, na ikiwa kupita kwake kumesadifu saa za jioni, jua likiwa limekwisha kuiegemea milima ya Ukaguru na wakulima wakirejea makwao na majembe mabegani, hana haja ya kuuliza nyama ya nguruwe inauzwa wapi, kwa kuwa harufu ya mafuta yanayochemka karaini humlaki mbali zaidi kuliko kibao chochote. Chini ya banda moja la namna hiyo niliketi siku moja juu ya benchi lililokuwa likiyumba, nikamtazama kijana mwenye banda akipasua paja zima kwa shoka juu ya gogo, mfupa na mnofu, ngozi na mafuta, vyote vikipata adhabu moja, mpaka lile paja likageuka vipande ambavyo kila kimoja kingeweza kuingia katika kiberiti na kiberiti kikafungika. Akapima nusu kilo ya mteja aliyenitangulia, akaimimina karaini, kisha akanigeukia na swali ambalo kila mla nguruwe wa Tanzania amekwisha kulijibu mara zisizo na idadi: "Mzee, kavu au rosti?"

Katika maneno hayo matatu imo karibu elimu yote ya mapishi ya nguruwe tuliyoridhika nayo. Kavu ni nyama iliyokaangwa katika mafuta yake yenyewe mpaka ikakauka na kulia chini ya meno. Rosti ni nyama ile ile iliyorudishwa motoni pamoja na nyanya, vitunguu, karoti na hoho mpaka ikajifanyia mchuzi mzito. Na zote mbili huletwa juu ya sinia pamoja na ndizi za kukaanga au ugali, kachumbari, ndimu na pilipili. Sina ugomvi na hata moja kati ya hizo, nimezila kwa furaha na nikijaaliwa nitazila tena, lakini nimefikia kuamini kwamba utamu tunaoutafuta katika nyanya na viungo vya dakika ya mwisho ni fidia ya utamu tulioupoteza mapema, kabla karai halijawekwa mekoni, pale shoka lilipoinuliwa bila kuuliza nyuzi za nyama zinalala upande gani, na pale nyama ilipotoka gogoni ikaingia motoni bila kupewa hata saa moja ya kukaa na chumvi.

Kabla sijaendelea yanipasa kuomba radhi, ashakum si matusi, kwa msomaji Mwislamu na kwa msomaji Msabato, ambao sheria za dini zao zimewakataza nyama hii. Kilosa ni wilaya ambayo msikiti na kanisa vimekaa jirani kwa umri mrefu, na adabu njema ya mwenye kula ni kuweka vyombo vyake mbali na vyombo vya asiyekula, na kutomfanyia mzaha. Huenda ndiyo sababu nyama yenyewe imepewa majina mengi ya kuisitiri, kama vile kitimoto, ambalo limeenea nchi nzima, na mbuzi katoliki, ambalo wenye utani hulitamka huku wakicheka. Ninayoyasema hapa nayasema kwa wale ambao sinia hilo ni halali yao.

Ninachotaka kukiweka kando ya kavu na rosti ni steki ya nguruwe, basi sasa niseme steki ni nini. Neno lenyewe tumelipokea kutoka kwa Waingereza, na maana yake ni pande bapa la mnofu lililokatwa kwa kukingama nyuzi za nyama, si kwa kuzifuata, ili jino likifika lizikute zimekwisha kuwa fupi na zikubali kuachana bila ya kushindana. Unene wake uwe kama vidole viwili vilivyolazwa pamoja, wala usipungue hapo, kwa sababu steki nyembamba hukauka ndani kabla haijapata rangi nje. Wengi wakisikia steki hukimbilia sarara, ule mnofu laini wa mgongoni usio na mafuta, ambao bei yake ni kubwa na uvumilivu wake ni mdogo, kwa kuwa dakika mbili za ziada juu ya moto huugeuza ukawa kama ubao. Mimi kwa upande wangu nalipendelea bega, hususan sehemu inayokaribia shingo, ambapo mafuta yamepenya katikati ya mnofu mithili ya mito midogo katika ramani. Wala si mimi peke yangu, kwani katika mji wa St. Louis wa Marekani ukisema steki ya nguruwe mtu hafikirii kitu kingine ila bega lililokatwa kwa msumeno pamoja na mfupa wake, na nitarudi huko baadaye, kwa sababu watu wa mji ule, bila ya kujua, wamelijibu swali la kijana wangu wa Msowero.

Nilipomwomba anikatie bega kwa kisu badala ya shoka, mapande mawili, unene huu, nikamwonyesha vidole, alisita akautazama uso wangu kama anayepima endapo nina akili timamu. "Mzee wangu, hii haitaiva," akasema kwa upole. "Nje itaungua, ndani itabaki mbichi, halafu utasema mimi nimekuuzia nyama mbaya."

Hofu yake ilikuwa na msingi, na haifai kuipuuza. Nyama ya nguruwe yaweza kubeba tegu, ambaye vifuko vyake vidogo vyeupe, mfano wa punje za wali, hukaa kati ya nyuzi za mnofu, na wataalamu wamemthibitisha katika sehemu kadhaa za Tanzania, Mbulu na Mbozi zikiwamo. Anayekula nyama hiyo bila kuiivisha hufuga mnyoo tumboni, na mayai ya mnyoo yakitoka na choo yakachafua mikono, maji au mboga, yakamezwa na mtu, hupasuka na kwenda kufanya vifuko mwilini mwake, na vikifika ubongoni huleta kifafa. Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 2011 ilikishusha kipimo cha kuivisha steki ya nguruwe kutoka nyuzi 71 za sentigredi hadi 63, kwa sharti kwamba nyama ipumzike dakika 3, na tangu hapo vitabu vya mapishi vya kule husifu nyama ya nguruwe yenye wekundu katikati. Ushauri huo una mahali pake, lakini mahali pake si hapa, ambapo nyama nyingi hufika bandani bila ya kuonwa na bwana mifugo. Sisi tushike zile nyuzi 71 za zamani, na asiye na kipimajoto apasue pande karibu na mfupa atazame, na maadamu maji yanayotoka yana wekundu, alirudishe motoni. Bega, kwa bahati njema, halidhuriki kwa kuiva sana, na hiyo ni sababu nyingine ya kulichagua.

Basi kijana akanikatia. Nikamwomba chumvi, nikapima kwa kijiko cha chai vijiko viwili na nusu kwa kilo moja ya nyama, chumvi laini, vijiko vilivyofutwa juu visifanye kilima, nikainyunyiza pande zote na kingoni, nikayalaza mapande juu ya wavu wa kuchomea uliowekwa kivulini na kufunikwa kwa chandarua dhidi ya nzi. Nilimwita aje aone. Baada ya dakika chache uso wa nyama ulianza kumetameta, kisha yakatokea matone madogo, mengi, kama jasho juu ya paji la uso la mtu anayelima saa sita, na baada ya robo saa mapande yalikuwa yameloa kabisa, maji mekundu yakidondoka. "Umeona, mzee, inatoa maji yote, itakauka," akasema kijana, na angalikuwa amesema kweli endapo tungaliipeleka motoni saa ile, kwa maana hapana wakati mbaya zaidi wa kupika nyama iliyotiwa chumvi kuliko robo saa baada ya kuitia. Lakini tulingoja. Ilipotimu nusu saa yale maji yaliacha kudondoka. Ilipokaribia saa nzima uso wa nyama ulikuwa umeyanywa tena, ukabaki na rangi iliyokoza na unyevu mdogo wa kunata. Chumvi ilikuwa imeyeyuka katika yale maji, ikaingia nayo ndani, na huko ndani huzilegeza nyuzi za nyama zikaweza kuyashika maji yake hata moto utakapozibana. Yeye alikaa kimya, akagusa nyama kwa kidole, akagusa tena.

Mwenye jokofu aweza kuilaza nyama hiyo usiku kucha bila kuifunika, na kesho yake itakuwa bora zaidi, kwa kuwa uso utakuwa umekauka kabisa. Asiye na jokofu, katika joto la bonde la Kilosa, asijaribu kuilaza, ashike ile saa moja na apike.

Habari ya uso uliokauka ina uzito kuliko wapishi wengi wanavyoidhani. Mwaka 1912 Mfaransa aitwaye Louis-Camille Maillard alieleza namna sukari na chembe za protini zinavyoungana kwa joto na kuzaa vitu vya rangi ya kahawia, na ndivyo hivyo vinavyolipa ganda la mkate, kahawa iliyokaangwa na nyama iliyochomwa ile harufu inayomfanya mpita njia apunguze mwendo. Kazi hiyo huchangamka joto likipita nyuzi 140 hivi, na maji, kama ajuavyo kila aliyechemsha chai, hayapiti 100. Kwa hiyo maadamu juu ya nyama pana maji, moto wote hutumika kuyafukuza, na nyama haichomeki bali inachemka. Hapo ndipo ninapotofautiana na desturi ya kuikamulia nyama ndimu kwa wingi na kuiogesha nyanya kabla ya kuichoma. Ukali wa ndimu hauingii ndani kwa kina cha kutajika, huishia juu juu, ukaupauza uso wa nyama na kuuacha umelowa, na mwisho wake tukapata nyama yenye rangi ya majivu ambayo sharti isitiriwe kwa mchuzi.

Hata hivyo nguruwe hutaka ukali, kwa sababu mafuta yake ni mazito kinywani na hayana mshindani ila kitu kichachu. Jawabu nililolipata, na ambalo nalitoa kwa majirani wote wa Kilosa na Dodoma kwa kuwa mti wake umewajaa, ni ubuyu: si ule mwekundu wa Zanzibar uliopikwa kwa sukari, ambao watoto huuramba mpaka ndimi zikageuka rangi, bali unga mweupe uliotwangwa na kuchekechwa, mkavu kabisa, ambao huleta uchachu bila ya kuleta maji. Nachukua vijiko viwili vya mezani vya unga huo, kijiko kimoja cha pilipili manga iliyopondwa kwa jiwe isiwe laini sana, na kimoja cha giligilani kavu, naukausha uso wa steki kwa kitambaa safi baada ya ile saa ya chumvi, kisha naupaka mchanganyiko huo pande zote na kuukandamiza kwa kiganja. Pilipili manga haina haja ya kuagizwa mbali, maana milima ya Uluguru huitoa, pamoja na mdalasini, iliki na karafuu, na ile inayonunuliwa punje nzima kutoka kwa mkulima ina ukali wa harufu ambao ile ya pakiti, iliyosagwa lini hapana ajuaye, imekwisha kuusahau. Anayetaka kumshangaza mgeni aongeze ufuta mbichi. Utakaangika juu ya nyama na kufanya ganda linalovunjika, na hii ndiyo njia pekee ninayoweza kuipendekeza kwa wale waliokwisha kununua sarara na hawataki kusikia habari za bega.

Njia ya pili ni kongwe, nayo imefika pwani yetu kwa merikebu. Wareno walikuwa na desturi ya kulaza nyama ya nguruwe katika divai na vitunguu saumu, na walipoishika Goa mwaka 1510 waliipeleka huko, ambako siki ya tembo la mnazi ilishika nafasi ya divai, na bizari za Bara Hindi, pamoja na pilipili ambazo Wareno hao hao walizitoa Amerika, zikaukamilisha mchanganyiko uitwao vindalu. Kisha Wagoa wakaja Zanzibar na Tanganyika, wengi wao makarani wa serikali na wa reli, wengine mafundi cherehani, wapishi na wapiga muziki, na katika nyumba zao za Kikatoliki vindalu ikapikwa siku za sikukuu, ikanukia katika mitaa ambayo jirani zao hawakuila. Kwa steki ninaifanya nzito, si ya mchuzi: vitunguu saumu punje nane, tangawizi kiasi cha kidole gumba, bizari nyembamba kijiko cha chai kimoja, karafuu tatu, kipande cha mdalasini, pilipili kali kavu kadiri ya ushujaa wa mlaji, vyote vikasagwa kwa siki ya nusu kikombe, na nyama, ambayo imekwisha kutiwa chumvi yake, ikalala humo usiku mzima ndani ya jokofu. Siku ya pili naukwangua uji wote na kuuweka kando, naikausha nyama kwa kitambaa, naichoma mpaka ipate rangi, ndipo naurudisha ule uji katika sufuria pamoja nayo. Anayeichoma na uji wake huunguza vitunguu saumu, na kitunguu saumu kilichoungua ni kichungu hata sukari ya Kilombero yote haikiponyi.

Mananasi na mapapai mabichi niyapitie upesi. Yote mawili yana dawa inayozimeng'enya nyuzi za nyama, na nusu saa ya juisi yake hulainisha kweli. Lakini mwenye kusahau akaiacha nyama humo tangu asubuhi hukuta jioni uso wake umekuwa ujiuji kama uliokwisha kutafunwa na mtu mwingine. Nanasi lililopikwa limepoteza nguvu hiyo, na mimi hulipenda hivyo, vipande vilivyochomwa wavuni kando ya steki.

Tulipofika kwenye moto kijana wa Msowero alikuwa mwalimu na mimi mwanafunzi, kwa maana aliujua mkaa wake kama mvuvi ajuavyo bahari. Kilosa ni nchi ya mkaa, na kwa miaka mingi sifa hiyo ilikuwa karibu na lawama, kwa jinsi misitu ya miombo ilivyokuwa ikiisha. Tangu mwaka 2012, hata hivyo, vijiji kadhaa vya wilaya hii, kwa mradi uliofadhiliwa na Uswisi na kuendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, vimejifunza kukata kwa utaratibu, msitu ukagawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, kimoja kikakatwa na jirani yake kikaachwa, visiki vikaruhusiwa kuchipua, na zamu ya kitalu kimoja ikapangwa kurudi baada ya miaka 24. Mkaa wa miti hiyo migumu huwaka polepole na joto lake halibadiliki ovyo, na hilo ndilo steki nene inalolitaka. Kijana akausukuma mkaa wote upande mmoja wa jiko, kwa shauri langu, akaacha upande wa pili mtupu. Nikakata vijichanja katika ukingo wa mafuta ili pande lisijikunje kama gome, tukaliweka juu ya moto mkali dakika tatu kila upande, mpaka lilipopata rangi ya ganda la nazi kavu, kisha tukalihamishia upande usio na mkaa na kulifunika kwa karai kuukuu lililopinduliwa. Kila tone la mafuta lililopata kuangukia mkaa lilipanda tena kama moshi na kubaki ndani ya lile karai. Wenye mpera nyumbani waweza kutupia ukuni mmoja mbichi wapate moshi wa harufu nzuri, ila wajihadhari na matawi ya mnyaa wa uani, ambao utomvu wake ni sumu na moshi wake haufai karibu na macho wala chakula.

Robo saa na dakika tano tulisubiri. Katika muda huo niliyeyusha kijiko cha sukari guru katika maji mazito ya ukwaju, nikatia tangawizi iliyoparuzwa, na dakika mbili za mwisho tukapaka, tukageuza, tukapaka tena. Sukari guru, au asali ya msituni kwa aliye nayo, ni ya mwisho daima. Ikitangulia huungua, na steki hutoka nyeusi kabla haijaiva. Pande la kwanza tulipolitoa kijana alikuwa na kisu tayari mkononi. Nilimzuia dakika tano nzima, na kwa uso aliouonyesha nadhani dakika hizo zilikuwa ndefu kuliko ile saa ya chumvi, lakini nyama iliyotoka motoni ikikatwa papo hapo humwaga juu ya ubao maji yote tuliyoyahangaikia.

Pande la pili nililitendea kama wafanyavyo wale wa St. Louis. Hao huchoma bega juu ya makaa mpaka likashika rangi, kisha huliingiza katika chombo chenye mchuzi wao wa nyanya, siki na sukari, aghalabu pamoja na bia, wakalifunika na kuliacha lichemke kwa moto mdogo mpaka mishipa migumu ikayeyuka na mnofu ukaachana na mfupa. Yaani, kwa lugha ya Msowero, ni kavu kwanza na rosti baadaye, steki ile ile moja, wala hakuna haja ya kuchagua. Tulitumia sufuria ya kijana, vitunguu viwili, nyanya tatu, ukwaju uliobaki na nusu chupa ya bia ambayo mteja mmoja aliitoa kwa moyo mkunjufu. Anayependa aweza kutia divai ya Dodoma. Saa moja baadaye mfupa ulichomolewa kwa vidole.

Tulipokuwa tukila, yeye na mimi na yule mwenye bia, kijana akauliza jambo lililokuwa likimsumbua: mbona nguruwe wengine, hata wakitiwa viungo vya dunia nzima, hunuka mfano wa mkojo karai likishika moto? Nikamwambia kwamba hao, bila shaka, walikuwa madume yasiyohasiwa, kwa kuwa dume likikomaa mafuta yake huweka harufu ambayo joto huifufua, na hapana ndimu wala tangawizi iwezayo kuiondoa. Dawa yake ni kuhasi mapema, wangali wadogo. Kadhalika anayelisha dagaa mpaka siku ya kuchinja atauza nguruwe mwenye harufu ya samaki, na ni heri mlo wa majuma ya mwisho uwe pumba za mahindi, mashudu kiasi na majani. Lakini lililo baya zaidi sote tumeliona barabarani, nguruwe amefungwa miguu, amelazwa nyuma ya pikipiki, anapiga kelele toka kijiji hadi kijiji, kisha anashushwa na kuchinjwa pale pale hali moyo ungali ukimwenda mbio. Mnyama aliyechinjwa katika hofu na mchoko mnofu wake hupata uchachu haraka ungali na joto, ukapauka, ukalegea na kutiririka maji, na huo hata chumvi haiusaidii sana. Apelekwe jana yake, apewe maji na kivuli, alale. Ama kuhusu kumfungia bandani badala ya kumwacha azurure, mfugaji wa wilaya hii ana sababu mbili: nguruwe asiyezurura hali vinyesi vya watu, basi hapati tegu, na hakutani na ngiri, ambao katika Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, hutembea kwa amani wakibeba homa ya nguruwe ya Afrika pasipo wao kuugua. Homa hiyo, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo huko Kenya mwaka 1921, hupitia kwa papasi pia, haimdhuru binadamu, lakini banda zima huweza kumalizika kwa siku chache.

Yule mwenye bia alikuwa amenyamaza muda wote, akishughulika na mfupa. Kijana naye alitafuna polepole, akatazama karai lake, akalitazama gogo. "Ina ladha, mzee, sikatai," akasema mwishowe. "Lakini mteja wangu akifika hapa ana njaa. Hangoji saa moja."

Nikamwambia kwamba chumvi si lazima imngoje mteja, maana yeye ajua watu huanza kufika saa ngapi, na kilo mbili za bega zilizotiwa chumvi saa kumi zitakuwa tayari saa kumi na moja. Hakujibu, kwa kuwa mteja alikuwa amekwisha kuingia, mtu wa makamo, baiskeli yake ameiegemeza kwenye nguzo ya banda. Akasalimu, akavuta pumzi, akayatazama mabaki yaliyokuwa juu ya sinia letu.

"Hiyo pana ndiyo nini? Na mimi nikatie."

"Hiyo hungoja saa moja, kaka," kijana akasema, akakitwaa kisu na kuliacha shoka gogoni.

Yule bwana alilitazama jua, kisha baiskeli yake, kisha sinia. "Nitangoja," akasema, akaketi juu ya benchi letu linaloyumba. "Lakini nipe kwanza robo kavu."